Chujio linapozibwa na maji ya kijani: Tulioshe vipi, na lini tusilitumie?



Katika safu yetu hii ya afya na usafi leo tuzungumzie jambo linalozikabili kaya nyingi wakati wa kiangazi, nalo ni kuziba kwa machujio ya maji ya kunywa. Mada imetokana na swali la mama mmoja, mkazi wa Bombambili, Manispaa ya Songea. Alinunua chujio la kisasa, lile lenye mirija myembamba ndani yake, ili watoto wake wanywe maji safi bila kuhangaika na mkaa kila siku. Miezi ya masika akichuja maji ya mvua, lilikwenda vizuri. Ilipofika Septemba, mvua zikiwa zimekatika na bomba likitoa maji kwa zamu, akaanza kuchota maji ya kidimbwi cha bustani kule bondeni. Maji yale yalikuwa na rangi ya kijani. Baada ya siku tatu chujio likawa linadondosha tone moja moja.

Kijana wake akaamua kusaidia. Akachukua waya wa spoku ya baiskeli, akazibua. Maji yakatoka kwa kasi kuliko hata siku lilipokuwa jipya, na nyumba nzima ikafurahi. Wiki iliyofuata mtoto wa mwisho akaanza kuharisha. Mama anauliza: chujio si linafanya kazi vizuri, maradhi yametoka wapi?

Ndugu msomaji, jibu la swali hili lina mafunzo mengi. Tulichukue hatua kwa hatua.

UTANDO NI NINI?

Machujio ya aina hii hufanya kazi kwa kutumia utando, yaani ngozi nyembamba ya plastiki maalumu yenye vitundu vidogo sana. Katika machujio mengi ya nyumbani utando huo umetengenezwa kama mirija mingi, myembamba mfano wa tambi, iliyofungwa pamoja ndani ya kopo. Maji machafu huwa nje ya mirija, hupenya ukutani mwake, na yaliyo safi hutokea katikati.

Vitundu hivyo hupimwa kwa mikroni. Mikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Machujio mengi ya nyumbani yana vitundu vya mikroni 0.1 au pungufu, na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo haviwezi kupita humo. Kwa hiyo usalama wote wa chujio umo katika udogo wa vitundu vile. Likipatikana tundu moja linaloonekana kwa macho, tayari ni kubwa mara elfu kadhaa kuliko linavyotakiwa, na vijidudu hupita humo makundi kwa makundi.

Hapo ndipo jibu la mama yetu lilipo. Spoku haikuzibua utando bali iliutoboa. Kasi ile iliyofurahisha nyumba ndiyo iliyokuwa dalili ya hatari. Chujio likitoa maji kwa kasi kuliko siku lilipokuwa jipya, usilishangilie, liweke pembeni.

MWANI UNAZIBAJE?

Rangi ya kijani katika maji yaliyotuama husababishwa na mwani, vijimea vidogo mno vinavyoishi kwa jua na kwa virutubisho vilivyomo majini. Wengine tunaufahamu kama utelezi wa kijani kwenye kuta za tangi. Huu huziba utando kwa njia tatu.

Kwanza, chembe za mwani zenyewe, ambazo ni kubwa kuliko vitundu, hujipanga juu ya utando zikafanya tabaka kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Tabaka hili, likiwahiwa, hutoka kwa kuoshwa.

Pili, mwani hutoa ute. Ukishika jiwe lililokaa majini utaona unavyoteleza, na huo utelezi ndio ute wenyewe. Ute ni mwembamba kuliko chembe, hivyo huingia hadi ndani ya vitundu na kunata humo. Hili ndilo tatizo kubwa zaidi, kwa sababu kuosha kwa maji matupu hakutoshi kuutoa.

Tatu, ute huo ni chakula cha bakteria. Chujio likikaa siku kadhaa likiwa na uchafu ndani, bakteria huzaliana juu ya utando na kujenga utando wao wa pili.

Ni vyema ikaeleweka kuwa mwani uliopasuka huziba zaidi kuliko mwani mzima. Ukipasuka humwaga vyote vilivyokuwa tumboni mwake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kuutoa mwani ukiwa mzima kabla maji hayajafika kwenye utando.

MAFUNZO KUTOKA GHUBA

Tatizo hili si la wenye ndoo tu. Wasomaji wetu wenye jamaa Oman na Falme za Kiarabu huenda wanakumbuka tukio la mwaka 2008 na 2009. Nchi zile hutegemea sana maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na mitambo mingi hufanya kazi hiyo kwa kuyasukuma maji katika utando kwa nguvu kubwa. Mwaka 2008 bahari ya upande ule ilivamiwa na mwani uliogeuza maji kuwa mekundu na ya kahawia, na hali hiyo ikaendelea kwa takriban miezi minane. Vichujio vya mchanga vilivyotangulia utando vilijaa haraka kuliko vilivyoweza kuoshwa. Mitambo kadhaa ikalazimika kusimamishwa ili kuunusuru utando.

Wahandisi walijifunza nini? Walijifunza kwamba ulinzi wa utando huanza kabla ya utando. Mwani ni mwepesi, na aina nyingine ina vifuko vya hewa ndani yake, hivyo kuusubiri uzame ni kupoteza muda. Mitambo kadhaa iliyojengwa baada ya hapo ikawekewa hatua ya vipovu: maji hutiwa dawa ya kugandisha uchafu, kisha vipovu vidogo vya hewa hupulizwa kutoka chini, vikaunyanyua mwani hadi juu, ukaenguliwa kama povu la maziwa. Mwani huondoka mzima bila kupasuliwa.

Hapa kwetu pia tunayo mifano. Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa chujio lake. Katika chujio hilo maji hupita kwanza katika mchanga, kisha ndipo yakutane na vitu vya kitaalamu vyenye kunasa uchafu usioonekana. Mchanga, ambao si ghali, hubeba kazi nzito ili kile kilicho ghali kidumu.

HATUA ZA KUFUATA NYUMBANI

1. Chagua pa kuchota. Upepo husukuma mwani upande mmoja wa bwawa, na mwani hupanda juu jua likiwaka. Chota upande unaotoka upepo, na uchote chini kidogo ya uso wa maji. Usichote penye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Maji ya namna hiyo yana hukumu yake, tutaieleza mbele.

2. Usitie klorini kabla ya kuchuja. Wengi hutia dawa kwanza wakidhani wanalisaidia chujio. Klorini huupasua mwani, ute ukatoka, na dawa yenyewe ikaishia humo bila kuua vijidudu. Dawa ya klorini itiwe baada ya kuchuja. Aidha, tusitie mrututu kwenye bwawa au kisima cha maji ya kunywa, kwa sababu nao huua mwani kwa kuupasua.

3. Tumia shabu kwa kipimo. Shabu hukusanya mwani na ute ukawa mabonge yanayotenganika na maji. Saga shabu, chukua kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa (takriban gramu 5), ukoroge katika lita moja ya maji safi hadi iyeyuke. Chukua chupa tatu zinazopitisha mwanga, kila moja uitie lita moja ya maji unayotaka kuyasafisha. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia mililita 3 za maji ya shabu katika chupa ya kwanza, 6 katika ya pili na 10 katika ya tatu. Koroga haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika 10, uache zitulie kwa saa moja. Tazama ni kipimo gani kidogo kabisa kilichotoa maji meupe, na hicho ndicho chako. Kwa ndoo ya lita 20, zidisha mara 20: mililita 60, 120 au 200. Kuzidisha shabu hakuongezi usafi. Maji ya bwawa hubadilika, basi rudia jaribio hili kila unapoona rangi imebadilika.

Wapo wanaotumia mbegu za mlonge, nazo hufanya kazi hiyo vizuri. Hata hivyo, mlonge huacha mabaki yake ndani ya maji, na mabaki hayo huwa chakula cha bakteria. Ukitumia mlonge, chuja na umalize maji siku hiyo hiyo.

4. Engua, kisha chukua ya katikati. Baada ya shabu, mabonge mengine huzama na mengine huelea. Engua yaliyo juu kwa upawa bila kukoroga. Halafu toa maji ya katikati kwa mpira, ukiacha vidole vinne chini. Usiyamimine kwa kuinamisha ndoo, utavuruga kazi yote.

5. Pitisha katika kanga kuukuu. Katika vijiji 65 vya Bangladesh watafiti walifundisha akina mama kuchuja maji kwa nguo kuukuu ya sari iliyokunjwa mara kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu, kwa sababu vijidudu vyake hupenda kujishika kwenye viumbe vidogo vya majini. Nguo kuukuu ilifaa kuliko mpya, maana nyuzi zake zimeshalegea na kuziba nafasi. Kanga iliyofuliwa ikakauka juani, ukaikunja tabaka nane, itazuia mabonge yaliyobaki. Kanga hiyo iwe ya kazi hiyo tu, na kila siku uitumie upande ule ule.

6. Usilazimishe. Kadiri maji yanavyosukumwa kwa nguvu ndivyo uchafu unavyokandamizwa ndani ya vitundu. Usikamue mfuko wa chujio, wala usiipandishe ndoo darini ili maji yashuke kwa kasi. Acha lichuje taratibu mchana kutwa, utapata maji mengi zaidi mwisho wa mwezi.

7. Osha kinyumenyume kabla halijaziba kabisa. Machujio mengi ya mirija huja na bomba lake la kuoshea. Lijaze maji yaliyokwisha kuchujwa, liweke upande yanakotokea maji safi, usukume kwa nguvu ya wastani ili maji yarudi nyuma na kuung'oa uchafu. Rudia hadi yatokayo yawe meupe. Kamwe usitumie maji machafu kuoshea upande wa maji safi, kwa kuwa utakuwa umeviingiza vijidudu mahali ambapo hakuna tena kitu cha kuvizuia.

Utajuaje wakati wa kuosha umefika? Siku chujio likiwa jipya, pima ni dakika ngapi linajaza chupa ya lita moja, uandike ukutani. Muda ukifika mara mbili ya ule, osha siku hiyo hiyo. Kwa maji ya kijani, osha kila jioni hata kama halijapungua kasi, ili ute usilale humo.

8. Likigoma baada ya kuoshwa, fuata karatasi ya mtengenezaji. Ute hulainishwa na klorini hafifu. Magadi na chokaa ya maji huyeyushwa na siki. Tumia kimoja, osha kwa maji mengi safi, ndipo siku nyingine utumie kingine. Usivichanganye siki na klorini hata kidogo, kwani hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Wala usisugue mirija kwa brashi. Chujio la udongo wa kauri husuguliwa taratibu, hili la mirija halisuguliwi.

CHUJIO HALIONDOI SUMU

Sasa tufike katika jambo zito kuliko yote. Baadhi ya mwani, ule uitwao mwani wa buluu-kijani, hutengeneza sumu. Iliyo mashuhuri huitwa mikrosistini, na huharibu ini. Chembe ya mwani haipiti katika utando, lakini sumu ikishatoka ndani ya chembe na kuyeyuka majini hupita, kwani ni ndogo mara nyingi kuliko vitundu vya chujio la nyumbani. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha maikrogramu 1 tu kwa lita moja kwa maji yanayonywewa maisha yote.

Je, tukichemsha? Ndugu msomaji, kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu hii. Moto huupasua mwani na kuachia sumu, na maji yanapopungua kwa mvuke sumu iliyobaki huwa nzito zaidi. Agosti 2014 wakazi wapatao nusu milioni wa mji wa Toledo, Marekani, walizuiwa kunywa maji ya bomba kwa takriban siku tatu kwa sababu ya mwani wa Ziwa Erie, na walionywa mahususi wasiyachemshe. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, Brazil, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo. Kwetu, mwani wa aina hii hujitokeza katika Ziwa Victoria, ikiwemo Ghuba ya Winam huko Kisumu na Ghuba ya Mwanza. Ndiyo maana maji ya ziwa yanahitaji mitambo na wataalamu wenye vipimo.

Kwa hiyo shika hukumu hii. Maji yenye ukijani hafifu, mkono ukionekana vizuri ndani ya ndoo, yafuatie hatua tulizozitaja, tena kwa dharura tu. Maji mazito kama rangi, yenye tabaka juu au harufu ya kuoza, usiyachuje, usiyachemshe, wala usiwape mifugo. Tafuta maji mengine: ya bomba, ya kisima kirefu, au ya mvua uliyoyahifadhi. Mtoto mchanga, mjamzito na mgonjwa wa ini au figo wasinyweshwe maji ya kijani hata yakiwa yamechujwa.

TWAHARA NA AFYA

Baadhi yetu huuliza: maji haya tunatawadhia, vipi tusiyanywe? Ni kweli wanazuoni wa fiqhi wameeleza kuwa maji yaliyobadilika kwa mwani uliomea humo humo, au kwa kutuama, hubaki kuwa twahara. Lakini twahara ni hukumu ya ibada, na usalama wa kunywa ni hukumu ya afya. Udongo nao ni twahara, lakini hilo haliufanyi kuwa chakula. Tukumbuke pia kuwa katika udhu tunasukutua na kupandisha maji puani, na tabaka zito la mwani huweza kuwasha ngozi na macho. Yakipatikana maji mengine, tutumie hayo.

TUUZUIE MWANI USIMEE

Mwani unahitaji mwanga na mbolea. Ukivikata viwili hivyo umemaliza kazi. Tangi la maji ya mvua liwe la rangi isiyopitisha mwanga na lifunikwe. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kufunika vyombo, na ametukataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Leo sayansi inatuonesha faida mojawapo, kwani mkojo una naitrojeni na fosforasi, chakula kile kile cha mwani.

Mkoa wetu wa Ruvuma ni ghala la mahindi, na mahindi yanataka mbolea. Mbolea inayosombwa na mvua ya kwanza haiishii shambani. Huteremka mabondeni, ikaingia katika mito inayotoka Milima ya Matogoro, na ndipo tunapochota. Tuache ukanda wa majani kati ya shamba na maji, tusifulie nguo kwenye chanzo, na mifugo inyweshwe pembeni kwa ndoo.

Tukirejea kwa mama yetu wa Bombambili: chujio lile lililotobolewa lisitumike tena, na hakuna gundi ya kulifufua. Abadilishe kopo la mirija, si lazima ndoo zote. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS) na apelekwe kituo cha afya. Maji ya kidimbwi yabaki kwa mchicha, ayanywe tu kwa dharura na kwa masharti tuliyoyataja. Wala asimkemee sana kijana wake. Nia yake ilikuwa njema, alichokosa ni elimu. Basi amsomee makala haya, halafu kazi ya kuosha chujio kila jioni amkabidhi yeye.